Miti Iliyopungua

Machi 4, Jumatatu

Nimefika. Viatu vimelowa, begi limelowa, na daftari hili limepona kwa sababu nililifunga kwenye mfuko wa plastiki. Ni zawadi ya dada, kalitoa kwenye rafu ya duka lake la vifaa vya shule. "Andika hata ukichoka," aliniambia. "Ukirudi huku kutoa kopi, tutakuwa na cha kusoma." Ndivyo anavyoniaga ndugu yangu wa tumbo moja.

Niyaweke mambo wazi mapema ili nisije nikajidanganya baadaye. Nafasi ni moja. Daktari, mwanaikolojia mwenye mradi huu, anatafuta mwanafunzi mmoja wa uzamili: miaka miwili ya utafiti wa misitu, ada imelipwa na posho ipo. Tuliomba watu thelathini na mmoja. Alama zangu aliziangalia kama mtu anayeangalia chai iliyopoa. "Hazinishtui kwa uzuri wala kwa ubaya," alisema. "Njoo msimu mmoja wa mvua, upime miti. Mvua ikiisha nitapeleka jina kwenye kamati, lako au la anayekufuata."

Nimeshaomba nafasi nne kabla ya hii na nikajibiwa barua nne zinazofanana kama pacha. Hii ikinitoka, narudi kwenye mashine ya kopi, na najijua: sitapata tena ubavu wa kuomba.

Kituo ni nyumba mbili za bati, baraza yenye meza ndefu, na msitu unaoanzia nyuma ya choo. Mvua inapiga bati tangu saa nane. Sijawahi kufurahi hivi nikiwa na soksi mbichi.

Machi 5, Jumanne

Leo nimekutana na Bi Utepe. Jina lake halisi liko kwenye orodha ya mishahara tu, hapa halitumiki. Ni mfupi, miaka hamsini na kitu, amevaa koti la mvua la kiume linalomfika magotini. Amepima miti ya mradi huu tangu ulipoanza, miaka kumi na tisa. Shule aliishia ya msingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye msomi?"

"Nimesomea misitu, ndiyo."

"Haya. Kesho utaiona ile ambayo hukuisomea."

Dereva wa mradi alicheka mpaka akakohoa. Na jina la Msomi limeshanikaa, naona hakuna wa kulitoa.

Machi 6, Jumatano

Kazi yenyewe nitaieleza mara moja, isinisumbue tena. Viwanja viko kumi na viwili, kila kimoja kina miti themanini. Kila mti una kibati chenye namba (ukianguka, jirani yake huirithi), na kwenye usawa wa kifua umezungushiwa mstari wa rangi ya njano, upana wa vidole vitatu. Kitabu cha mwongozo kinasema "pima kwenye mstari." Utepe wetu una alama maalumu, ukizungushwa kwenye shina unakupa kipenyo hapohapo, mpaka milimita. Tunapima kila mwaka msimu huuhuu, kwa sababu mashina hujaa maji wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua. Ukipima mwaka huu kwenye mvua na mwakani kwenye jua, umepima hali ya hewa.

Mmoja hupima, mwingine huandika. Anayepima huita, anayeandika hurudia. Isiporudiwa, haiandikwi.

"Mia moja na nne!" anaita Bi Utepe. "Thelathini na moja, nukta nne!"

"Mia moja na nne. Thelathini na moja, nukta nne," narudia mimi.

Ndiyo siku nzima hiyo, nikiwa nimekaa chini ya mwavuli hatua kumi kutoka kwake, kwa sababu karibu na shina matone ni makubwa na daftari likilowa kazi imekwenda na maji.

Machi 8, Ijumaa

Mvua. Maharage. Mvua.

Machi 13, Jumatano

Leo nimechoka naye, acha niseme. Miti arobaini kwa siku! Mimi ningepima sitini na bado nikawahi chai. Kila mti lazima aupangusie kuvu kwanza, ainue kila kamba ya mtambazi, kisha apitishe kiganja shina zima kama anatafuta funguo gizani. Ndipo utepe utoke mfukoni. Halafu anaukaza, anauachia, anaukaza tena.

Nilimuuliza kwa adabu zote kama hatuwezi kwenda haraka kidogo.

"Tunaweza," akasema, akaendelea vilevile.

Machi 14, Alhamisi

Mama alipiga simu. Anauliza nafasi nimeshapata? Nikamwambia mpaka mvua iishe. Akasema huko kwao haijaanza, kama vile kosa ni langu.

Machi 20, Jumatano

Naanza kumwelewa, na inaniuma kidogo kwa sababu ya niliyoyaandika juma lililopita.

Leo tulifika mti namba 311. Alipitisha kiganja, akasimama. Akapitisha tena, akabisha kwa kifundo cha kidole, mara mbili chini na mara moja juu. "Andika kwenye maelezo: umeoza ndani, upande wa mto." Nikaenda kuangalia. Gome zima, majani ya kijani, hakuna tundu wala mchwa. Nikabisha mimi, nikasikia kuni.

Jioni Dereva akanionyesha kitabu chake cha maelezo ya kila mwaka, kisicho na vipimo. Mwaka juzi, mti 298: umeoza ndani. Mwaka jana, mti 298: umeanguka. Nikatafuta mingine. Katika miaka kumi na tisa ameandika hivyo kwa miti ishirini na mitatu, na ishirini na miwili imeshalala chini. Huo mmoja, anasema Dereva, Bi Utepe huutazama kila mwaka kama mdeni.

Machi 22, Ijumaa

Nilimuuliza kwa nini madaftari ya zamani hatuendi nayo msituni. Yanafungiwa kwenye sanduku la chuma chini ya meza, na halifunguliwi mpaka miti yote ipimwe. Ingetusaidia, nilisema. Tungejua papo hapo kama tumekosea.

"Ukilijua jibu, mkono unalitafuta," alisema. "Unakaza kidogo, unalegeza kidogo, mpaka mti ukubaliane na karatasi. Mimi najijua. Nikiiona namba ya mwaka jana, nitaiiba."

Miaka mitatu chuoni nilifundishwa jambo hilo kwa mihadhara na michoro, na nilikuwa sijalielewa mpaka leo chini ya mwavuli.

Machi 29, Ijumaa

Viwanja vitano vimekwisha. Nimeanza kusikia namba ndotoni, na mimi huzirudia.

Aprili 4, Alhamisi

Balaa. Kiwanja cha sita tulikimaliza saa tisa, na wakati wa kurudi gogo la kuvukia mto lilikuwa limeota utelezi. Bi Utepe alipita kama anavyopita siku zote, mguu ukamponyoka, goti likagonga ukingo. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye matope akisema "subirini, subirini," huku ameushikilia utepe juu usiguse maji.

Dereva alimbeba mgongoni mpaka kituoni. Goti limevimba kama papai.

Daktari kwa simu: Bi Utepe apumzike. Viwanja sita vilivyobaki nivipime mimi, Dereva aandike. Nilisema "sawa, Daktari" kwa sauti ya huzuni iliyostahili, na nikaona haya, kwa sababu moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Aprili 8, Jumatatu

Siku yangu ya kwanza na utepe mkononi. Napangusa kuvu, nainua mitambazi, napitisha kiganja. Nimegundua kwamba mikono yangu inamwiga bila kuniuliza.

Jambo moja tu nimeamua mwenyewe. Ule mstari wa njano umepakwa rangi upya mwaka hadi mwaka, tabaka juu ya tabaka, mpaka umekuwa tuta. Utepe ukipita juu ya tuta hilo, mti unanenepa bure. Basi nazungusha kwenye gome safi, palepale mstari unapoishia kwa juu. Hakuna aliyenifundisha, nimelifikiria kwa akili yangu, na nimejipongeza.

Dereva ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Anazirudia namba kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

Aprili 12, Ijumaa

Miti arobaini na moja. Nilikuwa nimesema ningepima sitini. Sitarudia tena maneno hayo mbele ya watu.

Aprili 17, Jumatano

Bi Utepe anakaa barazani na mguu juu ya ndoo. Tukirudi hulipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, haangalii namba, anatafuta palipofutwa. "Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, andika pembeni," alimwambia Dereva. "Kosa lionekane. Likifutwa linakuwa siri."

Aprili 19, Ijumaa

Mvua ya kumwaga. Hatukutoka.

Aprili 27, Jumamosi

Nimemaliza miti yangu yote, mia nne na themanini. Bi Utepe jana alikwenda mjini kutazamwa goti, atarudi keshokutwa. Funguo za sanduku alimwachia Dereva. Nikafungua, nikatoa daftari la mwaka jana, nikaliweka kando ya letu, nikaanza kulinganisha nikiwa na kikombe cha chai na roho nyeupe.

Chai ilipoa.

Mti wa kwanza umepungua milimita moja. Wa pili umepungua mbili. Wa tatu umekua, wa nne umepungua tatu. Nikadhani nimeshika ukurasa usio wake. Nilipofika mwisho, miti mia tatu na kumi na mmoja kati ya yangu mia nne na themanini ilikuwa myembamba kuliko mwaka jana.

Miti haikondi kama mtu aliyefiwa. Ukame ungeweza kuisinyaza kidogo, lakini ukame upi, tunaogelea. Nikaupima utepe kwenye rula ya chuma: uko sawasawa. Nikaangalia viwanja sita vya Bi Utepe: vimekua vyote isipokuwa miti ile anayosema inakufa. Vyake vinapanda kwa ustaarabu, milimita mbili, moja, mbili, kama ngazi. Vyangu vimeporomoka.

Dereva alikuja, akatazama. Kisha akasema kwa upole kabisa: "Dada, si uongeze kidogo tu. Nukta mbili hapa, nukta tatu pale. Nani atakwenda kuiuliza miti?"

Penseli nilikuwa nayo. Niseme ukweli kwenye daftari langu mwenyewe: niliiangalia. Niliipiga hesabu. Saa mbili za kazi, na nafasi ni yangu. Kisha nikakumbuka "nitaiiba," nikaiweka penseli mezani, nikatoka nje nikasimama mvuani kama kuku.

Aprili 28, Jumapili

Nimefanya jambo ambalo sijui bado ni la ujasiri au la upumbavu.

Asubuhi nzima niliwaza hivi: utepe ni mzima, mimi nimepima kwa uangalifu, mvua ipo. Kama kosa si langu, liko kwenye namba za mwaka jana. Na za mwaka juzi, na za nyuma yake, maana zote zinapanda ngazi ileile nzuri mno. Mwanamke anayejua mti upi umeoza kwa kuubisha, atashindwa kujua namba ya mwaka jana iwe ngapi? Labda sanduku la chuma ni la kutuonyesha sisi wageni. Labda huwa anakaa barazani anapika namba.

Nikampigia Daktari. Nikamwambia miti mia tatu na kumi na mmoja. Nikamwambia na lile jingine pia, kwamba nadhani namba za zamani zina walakini.

Aliuliza kimoja tu.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Hayupo, Daktari. Yuko mjini."

"Nakuja Jumanne," akasema, akakata.

Kuuliza si ujinga, na mimi nilikuwa na siku moja tu ya kusubiri niulize. Maji yamemwagika.

Aprili 29, Jumatatu

Bi Utepe amerudi. Goti linapinda sasa, anatembea na fimbo. Ameniletea kutoka mjini soksi mbili za sufi, nene, kwa sababu anasema zangu zinanuka hata akiwa barazani.

Nimezivaa.

Aprili 30, Jumanne

Daktari alifika saa nne, buti miguuni tayari. Ni mrefu, anaongea kidogo, na leo alilinganisha kwanza madaftari yote mawili. Bi Utepe alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, fimbo mapajani.

"Msomi anasema miti yake imepungua," Daktari alianza. "Na anasema huenda kosa liko kwenye namba zako za miaka ya nyuma."

Alilisema hivyohivyo, bila kulipaka asali. Nilitamani ardhi ipasuke. Bi Utepe hakunitazama. Alitazama soksi zangu.

"Mia tatu na kumi na mmoja," akarudia, kama anaandika. "Basi twendeni tukaione."

Dereva alitaka kumbeba, akakataa. Tulikwenda mwendo wa fimbo mpaka kiwanja cha saba, mti 481, ulio karibu kuliko yote. Mvua ilikuwa nyepesi. Daktari akasimama pembeni.

"Pima," akaniambia.

Nikapangusa, nikapitisha kiganja, nikazungusha utepe, nikaukaza, nikauachia, nikaukaza. "Mia nne themanini na moja. Ishirini na saba, nukta tano."

"Ishirini na saba, nukta tano," akarudia Dereva. Safari hii sauti ya mpira haikuwepo.

"Sasa wewe, mama," Daktari akasema.

Bi Utepe akaegemeza fimbo kwenye shina. Akafanya yaleyale niliyofanya, au tuseme mimi nilikuwa nimefanya yaleyale anayofanya, kupangusa, kiganja, kukaza, kuachia. Lakini wakati huu sikuwa chini ya mwavuli hatua kumi. Nilikuwa ubavuni pake. Na niliona utepe ukikaa chini ya mstari wa njano.

Chini. Mimi nilipima juu.

"Ishirini na saba, nukta nane," akaita.

Hakuna aliyerudia. Mwaka jana mti huo ulikuwa na nukta sita. Kwa utepe wangu umepungua moja, kwa wake umekua mbili. Shina la mti lina unene zaidi chini na linakwenda likipungua kadiri linavyopanda. Mtoto wa shule anajua. Upana wa mstari ni vidole vitatu, na vidole hivyo vitatu ndivyo vilivyoikondesha miti yangu.

"Kwa nini unapima chini ya mstari?" Daktari alimuuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Rangi imekuwa nene. Ukipita juu yake unapima rangi."

"Na wewe, kwa nini juu yake?"

"Rangi imekuwa nene," nikasema.

Dereva ndiye aliyeanza kucheka, akaziba mdomo kwa daftari. Daktari alikaa kwenye mzizi uliolowa, bila kujali suruali yake, akatoa kitabu cha mwongozo mfukoni. Ni yeye aliyekiandika. "Pima kwenye mstari," akasoma. Akarudia tena, taratibu. "Miaka kumi na tisa. Mama, mwaka gani ulianza kupima chini?"

"Mwaka wa kwanza. Tabaka la kwanza tu lilinitosha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na mpimaji nilikuwa mimi peke yangu. Ningemwandikia nani?"

Kumbe mkono wake haukuiba hata milimita. Zile namba zilipanda kama ngazi kwa sababu mwanamke mmoja aliweka utepe mahali palepale, mti kwa mti, mwaka kwa mwaka, na hakuna kitabu kilichomwambia. Na mimi nilimwona mwizi kwa sababu alikuwa sahihi kupita kiasi. Nyani haoni kundule.

Nikauliza kama tunaweza kuongeza tofauti ileile kwa kila mti. Nilijua jibu kabla sijamaliza kuuliza. Kila shina hupungua kwa namna yake, huu milimita tatu, ule moja, na ule wenye mabega mapana pengine tano. Hakuna namba moja ya kuongeza. Yote mia nne na themanini inabidi ipimwe upya, kabla mashina hayajasinyaa.

"Mvua itakatika katikati ya mwezi ujao," alisema Daktari. "Kamati inakaa tarehe ishirini. Nitapeleka nitakachokuwa nacho."

Hakusema jina la nani.

Mei 1, Jumatano

Tumeanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi napima, Bi Utepe anaandika. Dereva humbebea kigoda kutoka mti hadi mti, na yeye hukaa juu yake na mguu umenyooka na mwavuli begani.

Hasemi nami neno lisilokuwa namba.

Mei 3, Ijumaa

Miti sitini na mbili kwa siku. Mikono imechubuka. Chini ya mstari, chini ya mstari, chini ya mstari.

Mei 6, Jumatatu

Asubuhi jua lilitoka saa nzima, nikalichukia.

Leo wakati wa chai Dereva alikwenda kuchota maji, tukabaki wawili. Nilikuwa nimejiandalia maneno marefu yenye heshima zote. Yakanipotea.

"Mama, nisamehe."

Alifunga daftari, akaweka kidole asipoteze ukurasa. "Ulizishuku namba, au ulinishuku mimi?"

Ningeweza kusema namba. "Nilikushuku wewe."

"Mm." Akanywa chai. "Namba ni za kushukiwa, ndiyo kazi yake. Wewe umezishuku siku ya kwanza, wengine walizibeba miaka kumi na tisa bila kuuliza. Hilo sikulaumu. Lakini mimi nina mdomo. Ungeniuliza."

"Ndiyo, mama."

"Na ungeniuliza, ningekujibu kwa jeuri, tukagombana, kisha tukaona. Ingekuwa Jumatatu badala ya Jumanne." Akafungua daftari. "Haya, mia saba na tisa. Soksi zinafaa?"

"Zinafaa sana."

"Nilijua. Endelea."

Nilipima mti 709 huku machozi yananitoka, na kwa bahati nzuri ilikuwa inanyesha.

Mei 8, Jumatano

Sijawahi kumwona mtu anayeandika kama yeye. Herufi moja moja, kubwa, kama anazipanda. Akiwa na shaka hata kidogo ananiitisha tena. Leo alikataa namba yangu mara tatu kwa mti mmoja, kwa sababu alisikia kwenye sauti yangu kwamba sikuwa na uhakika. Alikuwa na haki. Mtambazi ulikuwa umepita chini ya utepe.

Mei 10, Ijumaa

Mti wa mwisho, 960, saa tisa na robo. Mvua ilikuwa manyunyu tu. Niliita, akarudia, akapiga mstari chini ya ukurasa.

Sanduku tulilifungua pamoja. Imekua miti mia nne sabini na mmoja. Tisa imepungua, na saba kati ya hiyo tisa yeye alikuwa ameshaibisha kwa fimbo na kuiandika kwenye maelezo msimu huu: umeoza ndani.

"Na hii miwili mingine?" niliuliza.

"Hiyo sijui," akasema, na uso ukamng'aa. "Nenda kaitafutie sababu. Si ndiyo utafiti?"

Mei 13, Jumatatu

Jua. Dereva ameanika kila kitu alichonacho, pamoja na leseni.

Mei 16, Alhamisi

Daktari alipita kuyapiga picha madaftari. Fomu ya kamati inataka barua kutoka kwa mtu anayeifahamu kazi yangu kwa karibu. Pana kisanduku cha kuandika cheo cha kitaaluma. Daktari akampa Bi Utepe. Bi Utepe akaitazama, akaitia mfukoni mwa koti, akaenda nayo chumbani. Kwenye fomu hiyo, Dereva ananiambia, sehemu ya cheo ameandika "Mpimaji." Kingine hakumwonyesha.

Dada amepiga simu: mashine ya kopi imeharibika. Nimechukulia kuwa ni ishara, ila sijui ya nini.

Mei 20, Jumatatu

Kamati inakaa leo. Nimefagia baraza mara tatu.

Mei 21, Jumanne

Daktari amepiga simu saa nne kasorobo. Kwenye kilima nyuma ya choo ndipo mtandao unapopatikana, kwa hiyo habari kubwa ya maisha yangu nimeipokelea hapo.

Anasema walibishana. Mmoja alishikilia alama zangu. Mwingine aliuliza inakuwaje mtu anayeomba utafiti wa misitu akosee kupima miti mia nne na themanini, na kwa nini wasimchukue anayefuata. Daktari alifungua barua akawasomea, na akanisomea na mimi, ni mistari miwili tu, ya penseli:

"Binti huyu alikosea miti mia nne na themanini, yote kwa namna moja. Penseli alikuwa nayo, nimelipitia daftari lote, na hakubadilisha hata mmoja."

"Baada ya hapo," Daktari alisema, "hakuna aliyezungumzia alama. Unaanza Septemba. Na kazi yako ya kwanza ni kuusahihisha mwongozo wangu. Uandike 'chini ya mstari', na uandike ni nani aliyeanza."

Sikumbuki nilivyomshukuru. Nakumbuka nilivyoteremka kilima nikikimbia na soksi za sufi bila viatu. Bi Utepe alikuwa barazani, mbele yake vibati vipya vya namba, anaviandika kimoja kimoja kwa uangalifu wake uleule. Sikuweza kusubiri nifike. Niliita kutoka njiani, kama mtu aliye kwenye shina anavyomwita aliye na daftari.

"Nafasi! Nimepata!"

Hakuinua kichwa. Alimalizia namba aliyokuwa akiiandika, akalivuta daftari la msimu, akalifungua ukurasa wa mwisho, upande wa maelezo.

"Nafasi. Amepata," akarudia kwa sauti, akaandika.